Kati ya kupasuka na kupasuliwa: kuukarabati mshipa mkuu wa damu kupitia tundu la paja

Mwenye baiskeli ya mizigo anaijua siku tairi linapoanza kuchoka. Nyuzi za ndani zinakatika mahali pamoja, na tyubu ikijazwa upepo inatokeza pale kama shavu la mtu anayepuliza moto. Ukiendelea kupakia magunia, itapasuka njiani. Fundi wa chini ya mwembe hahangaiki kubadilisha gurudumu. Anafungua tairi upande mmoja, anakata kipande cha tairi kuukuu, anakilaza kwa ndani palepale palipochoka, kisha anarudisha tyubu na kujaza upepo. Kuanzia hapo upepo unasukuma kile kipande, na ukuta uliochoka unapumzika.

Hivyo ndivyo madaktari wanavyoweza leo kuukarabati mshipa mkuu wa damu, aota, bila kumfungua mtu tumbo wala kifua. Wanapitisha kitambaa kilichokunjwa kupitia tundu kwenye paja, wanakipeleka hadi palipovimba, wanakiacha kikunjuke. Habari hii huwafikia wengi kama habari njema tupu: mzee hana haja ya kisu tena. Ni habari njema kweli, lakini ina kona zake, na kona kali kuliko zote inamhusu mgonjwa yuleyule ambaye njia hii ilibuniwa kwa ajili yake, yaani yule ambaye moyo, mapafu au figo zake haziwezi kustahimili upasuaji mkubwa.

Tuanze na mshipa wenyewe. Aota hutoka kwenye moyo, hupanda kidogo kuelekea shingoni, hujikunja kama mpini wa mwavuli, kisha huteremka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na usawa wa kitovu, ambapo hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila mguu. Njiani hutoa matawi ya kichwa, mikono, uti wa mgongo, ini, utumbo na figo. Kwa mtu mzima sehemu ya tumboni ina upana wa sentimita 2 hivi. Moyo husukuma ndani ya aota takriban lita 5 za damu kila dakika hata mtu akiwa ameketi barazani, na hupiga kama mara laki moja kwa siku. Ukuta wa aota unayavumilia mapigo hayo kwa sababu una nyuzi zinazonyumbuka. Sigara, presha ya miaka mingi, uzee, na kwa baadhi ya watu urithi wa kifamilia, huzila nyuzi hizo polepole. Ukuta unalegea na kutanuka. Ukifika sentimita 3 tumboni, madaktari huita anurismu. Wagonjwa wengi huambiwa tu kwamba mshipa umevimba, na wengine hurudi nyumbani wakidhani wana saratani. Si saratani. Ni bomba lililotanuka.

Ubaya wake ni kwamba kutanuka kunazaa kutanuka. Kadiri mshipa unavyopanuka, ukuta wake unabeba mzigo mkubwa zaidi kwa presha ileile, na wakati huohuo unazidi kuwa mwembamba. Mtoto anayepuliza puto anaijua hali hii: pumzi za kwanza ni ngumu, baadaye puto linakubali kirahisi, kisha linalipuka. Na mara nyingi hakuna maumivu yoyote. Watu hugunduliwa kwa bahati, wamekwenda kupigwa ultrasaundi ya tezi dume au figo, na mpimaji anakisimamisha kile kidude juu ya kitovu na kukirudisha tena mara mbili. Mtu mwembamba akilala chali anaweza hata kuhisi kitu kinadunda chini ya kiganja chake. Siku mshipa unapopasuka ndipo maumivu huja: makali, ya ghafla, mgongoni au tumboni, pamoja na jasho na kuanguka. Kwa ujumla watu kama wanane kati ya kumi wanaopasukiwa hufariki, wengi wao kabla ya kufika kwenye meza ya upasuaji.

Ndiyo maana ukubwa hupimwa kwa milimita. Kwa mwanamume, aota ya tumboni ikifika sentimita 5.5 huanza mazungumzo ya kuikarabati. Kwa mwanamke, ambaye mshipa wake ni mdogo tangu mwanzo, sentimita 5. Chini ya hapo hatari ya upasuaji ni kubwa kuliko hatari ya kusubiri, hivyo mtu hufuatiliwa kwa vipimo. Juu ya hapo mambo hubadilika haraka. Mwaka 2002 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya wanaume waliokuwa na anurismu kubwa lakini hawakupasuliwa, ama kwa sababu miili yao haikufaa ama kwa sababu walikataa. Waliokuwa na sentimita 5.5 hadi 5.9 walipasukiwa kwa kiwango cha takriban asilimia 9 ndani ya mwaka mmoja. Waliofika sentimita 7 na zaidi, karibu theluthi moja.

Neno letu moja, kupasua, limezaa kupasuka na kupasuliwa, na mgonjwa wa aota anaishi katikati ya hayo mawili. Asipopasuliwa huenda ukapasuka. Akipasuliwa huenda asiamke.

Kupasuliwa kwenyewe ni mapinduzi ya karne iliyopita. Mwaka 1951 huko Paris, Charles Dubost alikata aota iliyovimba ya tumboni na kuweka mahali pake kipande cha mshipa uliotoka kwa maiti. Mishipa ya maiti ilikuwa adimu na ilichakaa, kwa hiyo madaktari wakaanza kutafuta kitambaa. Huko Houston, Michael DeBakey, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon ambaye mama yake alimfundisha kushona tangu utotoni, alikwenda dukani kununua nailoni. Ilikuwa imekwisha. Muuzaji akampa kitambaa kipya cha aina ya poliesta kilichoitwa Dacron. Akakipeleka nyumbani, akakaa kwenye cherehani ya mkewe, akashona mrija. Kitambaa hicho, kilichochukuliwa kwa sababu kingine hakikuwepo, ndicho ambacho mpaka leo hushonwa ndani ya miili ya watu duniani kote. Tutakutana na daktari huyu tena mwishoni.

Ili kuelewa kwa nini wengine hawawezi upasuaji huo, ni lazima kuona unavyofanyika. Mgonjwa analazwa kwa nusukaputi. Tumbo linafunguliwa kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu. Utumbo wote unasogezwa kando. Kisha daktari anaubana mshipa mkuu kwa kibanio, juu ya uvimbe, damu isipite. Hebu fikiria moyo kwa wakati huo: uliokuwa ukisukuma maji kwenye bomba lililo wazi sasa unasukuma kwenye bomba lililozibwa. Moyo wenye afya unahimili. Moyo ambao mishipa yake yenyewe imeziba, au ulioshambuliwa na kuchoka, unaweza kushindwa palepale. Baada ya kitambaa kushonwa, kibanio kinafunguliwa na shida inageuka: damu inakimbilia miguuni, presha inaporomoka, na taka zote za misuli iliyokosa hewa zinarudi kwa mkupuo mmoja kwenye moyo na figo. Halafu kuna siku zinazofuata. Mtu mwenye jeraha refu la tumbo hawezi kukohoa vizuri wala kuvuta pumzi hadi chini. Mwenye mapafu yaliyoharibiwa na sigara au moshi wa kuni anapata nimonia. Kurudi katika hali ya kawaida huchukua wiki nyingi hadi miezi.

Huyo ndiye mgonjwa wa hatari kubwa: si lazima awe mzee, ingawa mara nyingi ni mzee. Madaktari huangalia moyo, mapafu, figo, na kama tumbo limewahi kufunguliwa likajaa makovu. Huangalia pia jambo ambalo mashine haionyeshi vizuri, yaani nguvu aliyobakiza mtu. Swali la kawaida sana ni hili: mzee anaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama? Jibu lake husema mengi kuliko karatasi za maabara.

Wazo la kuingia kwa ndani lilizaliwa sehemu mbili, mbali sana. Huko Kharkiv, Ukraine, wakati wa dola ya Kisovieti, Nikolai Volodos na wenzake walitengeneza mrija wa kitambaa wenye kiunzi cha chuma kinachotanuka, na mwaka 1987 wakaupandikiza kwenye aota ya kifuani ya mgonjwa kupitia mshipa wa paja. Waliandika matokeo yao kwa Kirusi. Dunia ya madaktari wanaosoma Kiingereza haikuwasikia kwa miaka, na mpaka leo simulizi nyingi huanza na mtu mwingine. Sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili tuna sababu ya kulikumbuka jina la Volodos.

Mtu mwingine huyo ni Juan Parodi wa Argentina. Alipokuwa mafunzoni Cleveland, Marekani, miaka ya 1970, aliwaona wagonjwa wakikarabatiwa aota vizuri kabisa kisha wakifa kwa moyo au mapafu. Akawaza kupeleka kitambaa kwa ndani. Alingoja zaidi ya miaka kumi mpaka Mwargentina mwenzake, Julio Palmaz, alipobuni stenti, ile neti ya chuma inayotanuliwa kwa puto. Parodi alishona mrija wa Dacron kwenye stenti ya Palmaz, akaukunja ndani ya ala ya plastiki, na Septemba 1990 huko Buenos Aires akauingiza kupitia paja la mzee mwenye ugonjwa mkali wa mapafu. Mwaka uliofuata alichapisha habari za wagonjwa watano. Msukumo wa kazi yote ulikuwa wale ambao upasuaji wa wazi ungewaua.

Kifaa cha leo kimeendelea sana kuliko hicho. Kukunja ndipo ufundi ulipo: mrija wa poliesta au wa plastiki laini, umezungushiwa pete za chuma zilizokunjwa kama meno ya msumeno. Chuma hicho ni nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, wenye tabia ya kukumbuka umbo lake: ukikibana kikawa chembamba, kikiachiwa kwenye joto la mwili kinarudi kilivyokuwa. Mrija wenye upana wa sentimita 2 au 3 unabanwa mpaka unaingia ndani ya ala yenye unene wa kalamu nene ya kuandikia ubaoni. Juu kabisa kuna vikulabu vidogo vya kujishikiza ukutani.

Mgonjwa analala kwenye chumba chenye mashine ya eksirei inayoonyesha picha zinazotembea, aina ileile ya chumba ambamo mishipa ya moyo huzibuliwa. Daktari anachoma sindano kwenye kinena, mahali ambapo mapigo yanasikika kwa vidole, anapitisha waya laini mpaka kifuani, kisha anapandisha ala juu ya waya huo. Anapuliza dawa ya kuonyesha mishipa, na kwa sekunde chache aota nzima inajichora kwenye kioo, pamoja na figo mbili zikining'inia pembeni. Hapo chumba kinanyamaza. Kitambaa lazima kishike chini kidogo tu ya matawi ya figo: kikipanda milimita chache, figo zimezibwa, kikishuka milimita chache, hakina pa kushika. Daktari anavuta ala nyuma taratibu, na kitambaa kinafunguka kama ua. Kwa kuwa aota inagawanyika, kifaa nacho kina umbo la suruali, na mguu wa pili wa suruali unaingizwa kupitia paja la pili na kuunganishwa ndani kwa ndani. Kazi yote inaweza kuchukua saa mbili hivi. Mara nyingi inawezekana kwa ganzi tu, mgonjwa akiwa macho, na wengi hutembea kesho yake.

Sasa turudi kwa fundi baiskeli, maana mfano wake unaishia hapa. Tairi halina matawi, aota inayo. Na kipande cha fundi kinabanwa kati ya tairi na tyubu, hakiwezi kuteleza. Kitambaa cha aota kinaning'inia kwenye mkondo wa damu kikishikiliwa na shingo fupi ya mshipa mzima. Shingo hiyo, yaani sehemu isiyovimba chini ya figo, inapaswa kuwa na urefu wa angalau milimita 10 hadi 15 kwa vifaa vingi vya kawaida, isiwe imepinda sana wala kujaa chokaa. Asiye na shingo hafai kwa kifaa cha kawaida. Kwa wengine hutengenezwa kitambaa chenye madirisha, kila dirisha likilenga tawi la figo au utumbo kwa vipimo vya mgonjwa huyohuyo. Kifaa cha namna hiyo hushonwa kwa kuagizwa, huchukua wiki kadhaa na hata miezi, na gharama yake ni nzito. Mgonjwa mwenye sentimita 8 anaweza asiwe na wiki hizo.

Halafu kuna kuvuja. Kitambaa kikishakaa, damu inatakiwa ipite ndani yake tu, na ule mfuko uliovimba nje yake ugande na kunywea. Mara nyingine haiwi hivyo. Damu inaweza kupenya juu au chini pale kitambaa kiliposhika vibaya, au kwenye maungio ya vipande, na hizo ni aina za kurekebishwa haraka kwa sababu presha ya moyo imeingia tena kwenye ukuta uliochoka. Inaweza pia kurudi kinyumenyume kupitia vijitawi vidogo vya mgongoni. Aina hiyo hutokea sana na mara nyingi huachwa ikiangaliwa tu, mradi mfuko haukui.

Hii ina maana kwamba anayewekewa kitambaa kwa ndani ameingia mkataba wa maisha na mashine za kupimia. Siti skani mwezi wa kwanza, kisha ultrasaundi au siti skani kila mwaka, miaka yote. Kwa maoni yangu hili ndilo linalosemwa kwa haraka mno kwenye chumba cha daktari. Kwa mgonjwa mwenye bima anayeishi karibu na hospitali kubwa ni usumbufu. Kwa mzee anayetoka Sumbawanga au Lodwar, au aliyefanyiwa kazi hiyo India kwa rufaa kisha akarudi kijijini, ni suala la kufa na kupona, maana kitambaa kinaweza kuteleza baada ya miaka sita bila dalili yoyote. Hivyo familia idai vitu viwili kabla ya kupanda ndege: kadi ya kifaa, yenye aina na namba yake, na diski ya picha za mwisho. Bila hizo daktari wa nyumbani anaanza upya akiwa gizani.

Na je, njia hii inaongeza maisha? Hapa Waingereza walifanya kazi ambayo kila familia inayokabiliwa na uamuzi huu ingefaidika kuijua. Kuanzia mwaka 1999, chini ya uongozi wa daktari wa upasuaji Roger Greenhalgh, waliwagawa wagonjwa wenye anurismu za sentimita 5.5 na zaidi katika tafiti mbili. Ya kwanza, EVAR 1, ilikuwa ya watu 1,252 wenye afya ya kutosha kupasuliwa. Nusu walipasuliwa, nusu wakapitishiwa kitambaa pajani. Ndani ya siku 30 vifo vilikuwa asilimia 4.3 kwa waliopasuliwa na asilimia 1.8 kwa waliopitishiwa pajani. Ushindi wa wazi. Lakini baada ya miaka michache hesabu za vifo za makundi mawili zilikutana, na matokeo ya miaka 15 yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kuanzia mwaka wa nane waliopasuliwa ndio walikuwa wakiishi vizuri zaidi. Baadhi ya vitambaa vilikuwa vimevuja na mishipa ikapasuka.

Utafiti wa pili, EVAR 2, ndio unaomhusu mgonjwa wetu. Watu 404 ambao hawangeweza kupasuliwa waligawanywa: wengine walipitishiwa kitambaa, wengine waliachwa bila kukarabatiwa, wakipewa dawa na uangalizi. Kila mtu angetarajia tofauti kubwa. Ndani ya siku 30 asilimia 7.3 ya waliokarabatiwa walikuwa wamefariki, kiwango kikubwa kuliko cha watu wenye afya waliofunguliwa tumbo kwenye utafiti wa kwanza. Kwa miaka iliyofuata, kitambaa kilifanya kazi yake: vifo vilivyotokana na anurismu vilipungua. Ila jumla ya vifo haikupungua. Moyo, mapafu, figo na saratani viliwachukua watu kabla ya faida ya kitambaa kuonekana. Katika makundi yote mawili wastani wa maisha yaliyobaki ulikuwa kama miaka minne.

Matokeo haya yalibishaniwa sana, na wabishi walikuwa na hoja. Baadhi ya waliopangiwa kitambaa walipasukiwa wakiwa bado wanangoja zamu. Wengi waliopangiwa kuachwa waliishia kukarabatiwa. Vifaa vya miaka ile vilikuwa vinene na vigumu kuliko vya sasa, na sehemu kubwa ya kazi ilihitaji kuchanja kinena, wakati leo mara nyingi sindano inatosha. Nakubali hayo yote. Bado kiini kinabaki: mgonjwa asiyeweza kisu hageuki kuwa mzima kwa sababu tundu ni dogo. Mwaka 2020 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliweka kitambaa na uangalizi bila upasuaji kwenye mizani moja kwa watu wa aina hii, kila kimoja kikihesabiwa kuwa chaguo halali la kuzungumzwa na mgonjwa.

Mambo ni tofauti mshipa ukiwa umeshapasuka. Hapo hakuna miaka ya kuhesabu, kuna saa. Utafiti mwingine wa Uingereza, IMPROVE, uliwachukua watu 613 waliofikishwa hospitali wakishukiwa kupasukiwa. Siku ya 30 makundi mawili hayakutofautiana sana, zaidi ya theluthi moja walikuwa wamefariki kila upande, lakini kwenye miaka mitatu waliopangiwa kitambaa walikuwa mbele, na wanawake walionekana kunufaika hasa. Kuna jambo moja ndani ya utafiti huo linalonigusa: waliokarabatiwa kwa ganzi tu walifariki kwa kiwango cha chini sana kuliko waliolazwa kwa nusukaputi. Sababu inaeleweka. Tumbo la mtu aliyevuja damu hukaza misuli yake na kuizuia damu isimwagike zaidi. Nusukaputi hulegeza misuli, na ile ngome inabomoka. Ganzi inaiacha ngome mahali pake.

Kifuani hadithi ina sura nyingine. Kwa aota inayoteremka nyuma ya kifua, kupasuliwa kunahitaji kufungua mbavu na mara nyingi mashine ya kuendesha damu, hivyo kitambaa kinachopita pajani kimekuwa chaguo la kwanza kwa hali nyingi: anurismu, kuchanika kwa tabaka za ukuta kunakoletwa na presha, na hata majeraha ya ajali. Mwendesha pikipiki au abiria wa basi anaposimamishwa ghafla na mgongano, aota huchanika mahali maalumu, baada tu ya tawi la mkono wa kushoto, maana juu yake mshipa unaning'inia huru na chini umeshikizwa. Wengi hufia barabarani. Kwa anayefika hospitali, tundu la paja ni wokovu halisi, kwa kuwa mtu huyo ana mifupa iliyovunjika na labda damu kichwani na hawezi kufunguliwa kifua.

Hofu kubwa ya kifuani ni miguu kupooza. Matawi yanayolisha uti wa mgongo hutoka kwenye ukuta uleule unaofunikwa na kitambaa, na kadiri kitambaa kinavyokuwa kirefu ndivyo yanavyozibwa mengi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwekewa mrija mdogo mgongoni wa kupunguza maji yanayouzunguka uti, na presha yake ikaachwa juu kidogo kwa makusudi, damu ipate njia nyingine ya kufika. Usiku ule wauguzi humwamsha na kumwambia asogeze vidole vya miguu. Ndugu wanaokaa nje wasishangae.

Chukulia sasa baba wa miaka 82, aota yake ni sentimita 6, mapafu yake mabovu, anatembea hadi msikitini kwa kupumzika mara mbili. Watoto wamekuja wote, na kila mmoja anataka baba "afanyiwe". Daktari mwenye busara ataanza na mzee mwenyewe. "Mzee wangu, ukiamka asubuhi, jambo gani ukilikosa unaona siku imeharibika?" Jibu lake linaingia kwenye hesabu sawasawa na vile vipimo. Kisha yaje maswali ya kifundi: shingo ya mshipa inafaa kifaa cha kawaida? Kazi inaweza kufanywa kwa ganzi? Figo zitaihimili ile dawa ya picha? Mwaka wa nne nani atampeleka kupimwa? Kama kuna jambo la kutibika kwanza, kama moyo unaohitaji dawa au sigara ambayo bado inavutwa, lianze hilo, maana miezi mitatu ya mazoezi ya pumzi na dawa sahihi inaweza kumhamisha mtu kutoka kundi moja hadi jingine. Na familia ikiamua kutokarabati, mzee hajatupwa. Anaendelea na dawa za presha na za lehemu, na nyumbani kila mtu anajua mapema nini kifanyike maumivu yakija usiku.

Mazungumzo hayo yafanyike mgonjwa akiwa na akili zake timamu. DeBakey anaonyesha kwa nini. Mkesha wa mwaka mpya wa 2006, akiwa na miaka 97, alishikwa na maumivu makali ya kifua akatambua mwenyewe kwamba aota yake imechanika. Palikuwa karibu na moyo, sehemu ambayo hadi leo kwa kawaida hutibiwa kwa kufungua kifua. Alikataa kupasuliwa, alijua kuliko mtu yeyote yanayowapata wazee kwenye operesheni hiyo. Wiki zilipita, mshipa ukazidi kutanuka, akapoteza fahamu. Kamati ya maadili ya hospitali ikaitishwa, mkewe akasisitiza afanyiwe, na usiku wa Februari 9 wanafunzi wake wakamfungua kwa saa saba na kumshonea mrija wa Dacron. Alikaa hospitali hadi Septemba, miezi mingi ya mashine ya kupumulia, ya figo, ya kujifunza upya kusimama. Alipopata nguvu alisema anafurahi kwamba walimfanyia. Alifariki Julai 2008, akiwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka 100.